Uso wa Ma Benigna

Jumamosi ya kuamkia Pasaka, duka la vipodozi la Mastura karibu na soko la Bukoba halikuwa na mahali pa kuweka mguu. Wanawake walisimama bega kwa bega, mikono imenyooshwa juu ya kaunta, huyu akitaka rasta, yule mafuta ya nywele, mwingine kucha za bandia. Mastura, ushungi umemteremka hadi shingoni, alikuwa akiwahudumia wote kwa pamoja huku akitafuna karanga. Katikati yao alisimama mwanamume mrefu mwenye fulana ya kijivu iliyochafuka grisi begani, simu mkononi, kama mtu aliyepotea njia na hajui amwulize nani.

Kokugonza alimwona tangu alipoingia. Yeye pale dukani alikuwa mwenyeji. Hakuwa na saluni. Saluni yake ilikuwa boksi la magurudumu alilolikokota kila alikoitwa: leo kwa bibi harusi mjini, kesho kwenye sendofu Kemondo, keshokutwa kipaimara Muleba. Siku hiyo alikuwa amevaa gauni la kitenge cha manjano lililomkaa vizuri kiunoni, na nywele zake amezisuka mistari myembamba iliyokutana kisogoni. Alikuwa amefuata kope na poda za maharusi wa Jumatatu ya Pasaka.

"Kaka, umekuja kununua nini?" akamwuliza yule mwanamume.

"Nywele."

"Humu zote ni nywele. Nywele gani?"

"Za kuvaa. Za mtu mzima."

"Wigi?"

"Nadhani ndiyo jina lake."

Wanawake wawili wakageuka kumtazama. Kokugonza, ambaye utani ulikuwa karibu sana na ulimi wake, akaendelea, "Shemeji yetu ana bahati. Wenzako hutuma hela, wewe umekuja mwenyewe kubanana nasi. Anataka ya kufika mgongoni au ya kufika kiunoni?"

Duka zima likacheka. Mwanamume hakukasirika. Alisubiri kicheko kipungue, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ni ya mama yangu. Alitibiwa saratani Mwanza, nywele zikatoka zote. Kesho anataka kwenda misa, na kilemba kinamteleza kwa sababu hakina kitu cha kushikilia."

Mastura akaacha kutafuna. Kokugonza akahisi masikio yanamchoma.

"Nisamehe, kaka."

"Hukujua."

"Mama ana mvi?"

"Alikuwa nazo, hapa mbele."

"Basi usimchukulie nyeusi tii. Atajiona amevaa kichwa cha mtu mwingine." Akapitisha mkono juu ya kaunta, akachagua wigi fupi lenye weupe kidogo kwenye paji, akaligeuza ndani nje kuangalia ushonaji. "Hili. Ila linahitaji kupunguzwa likiwa kichwani mwake. Anakaa wapi?"

"Buganguzi, kule Muleba."

Kokugonza akafikiri kidogo. Wateja wake walikuwa kesho yake na keshokutwa. "Mchana huu nina nafasi," akasema. "Kama una usafiri, twende."

Hivyo ndivyo Kokugonza alivyojikuta ndani ya pikapu ya kuazima, boksi lake limefungwa kamba nyuma, akielekea Muleba na mtu ambaye alikuwa amemfanyia mzaha mbaya kuliko yote maishani mwake. Mtu huyo aliitwa Buberwa. Alikuwa fundi wa injini za boti pale Kemondo, na tangu baba yake afariki ndiye aliyekuwa akimwangalia mama na mdogo wake, Edvina.

Ma Benigna aliwapokea mlangoni, mwembamba, amejifunga kanga kichwani, nyuma yake kibanja cha migomba na mibuni kimefika hadi ukutani. Hakuuliza maswali mengi. Alikaa kwenye kigoda chumbani, akamwambia mwanawe atoke nje, na mlango ulipofungwa akafungua ile kanga mwenyewe.

Kokugonza alikuwa ameshika vichwa vingi. Kile kilikuwa laini kama cha mtoto, na ngozi yake ilikuwa imekauka. Akakipaka mafuta taratibu, akakikanda, bila kusema neno la pole.

"Nani alikufundisha kushika kichwa cha mgonjwa?" aliuliza Ma Benigna, macho amefumba.

"Hakuna, mawe," alijibu, akimwita mama kwa Kihaya. "Nakishika kama ninavyoshika vingine."

Mama yule akacheka. Buberwa, aliyekuwa ameegemea ukuta nje, alikuwa hajasikia kicheko kile kwa muda mrefu.

Baada ya Pasaka Buberwa akaanza kumpigia Kokugonza simu.

"Fundi, umeamka?"

"Fundi yuko njiani zamani. Bibi harusi wangu anatakiwa kanisani asubuhi, na nyumbani kwao umeme umekatika. Nitanyoosha nywele kwa nini, kwa dua?"

"Nikuletee jenereta?"

"Utoke Kemondo na jenereta kwa ajili ya nywele?"

"Kwa ajili ya fundi wa nywele."

Na alikuja kweli, jenereta nyuma ya pikapu, mashavu yana masizi, akawashangaza wapambe wote wa ile harusi. Siku nyingine ni Kokugonza aliyeshuka Kemondo akitoka kazini, akakaa juu ya kreti lililopinduliwa akimtazama akifungua injini huku mizigo ikipakiwa na meli ikinguruma gatini.

"Wewe unafungua ili uone ubovu ulipo," alimwambia siku moja. "Mimi nafunika."

"Kwa hiyo tukifungua gereji pamoja, nani atatuamini?"

"Mimi wataniamini. Wewe una grisi puani."

Alimfuta kwa kidole, na kidole kikachelewa kutoka.

Kufunika ilikuwa nusu ya kazi yake, na hakuwahi kuionea aibu. Alifunika chunusi, makovu ya moto, macho yaliyovimba kwa kulia. Wapo mama wakwe waliomnong'oneza amfanye bibi harusi awe mweupe kidogo, akakataa. Wapo wasichana waliomwonyesha alama shingoni wakamwomba asiulize, hakuuliza. Watu walimpenda kwa hilo. Walisema Kokugonza ana mkono mwepesi na mdomo mzito.

Mwezi wa nane ilikuwa sendofu ya Edvina. Mchumba wake alikuwa mwalimu wa Geita. Mahari yalikuwa yamekwisha kupokelewa na ndoa ingefuata wiki moja baadaye. Asubuhi ya sherehe, baada ya kummaliza Edvina, Kokugonza aliingia chumbani kwa Ma Benigna na boksi lake.

Alimkuta amekaa kitandani, gomesi ya zambarau iko mapajani, hajaivaa.

"Funga mlango, mwanangu."

Akafunga. Ma Benigna akauchukua mkono wake, akauweka juu ya mfupa wa bega, karibu na shingo. Chini ya ngozi kulikuwa na uvimbe mgumu kama kokwa.

"Umerudi," alisema. "Nimeujua tangu mwezi wa sita."

"Mawe, Buberwa anajua?"

"Akijua atanipeleka Mwanza leo hii, na Edvina ataahirisha kila kitu. Umemwona mwanangu alivyo na furaha? Acha waoane. Wakiondoka nitasema kwa kinywa changu." Akamtazama kwa macho yaliyozama. "Nipake uso wa mtu mzima wa afya. Sijawahi kukuomba kitu."

Kokugonza alisimama, brashi mkononi. Alijua namna ya kumkatalia mama mkwe wa mtu. Namna ya kumkatalia mama aliyemwita mwanangu hakuijua. Akafungua boksi.

Alifanya kazi ile kwa uangalifu kuliko kazi yoyote. Aliondoa weusi chini ya macho, akajaza mashavu kwa wekundu mdogo usioonekana kuwa ni rangi, akaipandisha shingo ya gomesi na kuibana kwa bruchi mahali pale. Ma Benigna alipotoka nje, wageni walipiga vigelegele. Alicheza na Buberwa katikati ya turubai, na huyo mwanawe, suti yake ya bluu imemkaa vizuri, alikuja baadaye nyuma ya nyumba alikokuwa Kokugonza akiosha sponji zake.

"Koku, umenirudishia mama yangu."

Kokugonza aliinama akaendelea kuosha sponji ambayo ilikuwa imekwisha takata.

Harusi ikapita, Edvina akaenda Geita na mumewe. Ma Benigna akasema atasema Jumapili, Jumapili ikapita. Kokugonza akampigia simu, akajibiwa kwamba wiki ijayo. Siku moja mchana jirani alimkuta Ma Benigna ameanguka kibanjani, kikapu cha kahawa kimemwagika pembeni yake. Kule Mwanza daktari alieleza kwamba ugonjwa umeenea, akauliza uvimbe ule ulianza lini. Ma Benigna alikuwa amechoka kusema uongo. Alisema yote, pamoja na nani aliyejua.

Simu ilimkuta Kokugonza katikati ya kazi, mteja ana jicho moja lenye wanja na jingine bado. Alitoka nje.

"Ulijua," alisema Buberwa.

"Nilijua. Siku ya sendofu."

"Nikasimama mbele yako nikakushukuru. Ukaniacha nikushukuru."

"Aliniomba, Buberwa. Alisema atakwambia mwenyewe. Nilimpigia kumkumbusha."

"Ulimkumbusha yeye. Mimi je? Kila siku tulikuwa tunaongea. Unaniuliza nimekula nini, nakwambia nimekula dagaa, tunacheka. Siku zote hizo ulijua."

"Nilikosea."

"Mama yangu si bibi harusi wa mtu. Hukuitwa kumpamba ili apendeze kwenye picha."

Alikata. Kokugonza alirudi ndani, akamaliza lile jicho la pili. Kilichomwumiza zaidi ni kwamba mkono wake uliweza kuendelea.

Aliandika ujumbe mara nyingi, akaufuta. Alipotuma mmoja ulisomwa, haukujibiwa. Baba yake, Karugendo, ambaye aliishi naye Kitendaguro na kwa kawaida hakuingilia mambo yake, alimkuta siku moja amekaa uani na boksi limefungwa mbele yake.

"Leo huna kazi?"

"Ninayo, tata. Nimemwelekeza mteja kwa msusi mwingine."

"Unaumwa?"

Akamweleza. Mzee alisikiliza akiwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa.

"Ulimhurumia yule mama," alisema mwishoni.

"Ndiyo."

"Na yule kijana hukumhurumia."

Kokugonza alilia, kisha akaosha uso, akasaidia kumenya.

Senene walikuwa wameanza kuuzwa mjini, wanawake wamepanga nyungo kandokando ya barabara, namba ya Ma Benigna ilipoonekana kwenye simu yake.

"Koku, nimerudi nyumbani. Kichwa kinaniwasha. Njoo unioshe."

"Mawe, Buberwa hatapenda."

"Kichwa ni changu."

Alikwenda. Aliyefungua mlango ni Buberwa, amekonda, ndevu zimemwota bila mpangilio. Kwa muda walitazamana kama watu wanaojaribu kukumbuka walipoonana.

"Karibu," alisema, akampisha. Akalibeba boksi mwenyewe hadi chumbani, akatoka.

Ma Benigna alikuwa mdogo sana kitandani. Hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani na dawa za maumivu, na kila mtu mle ndani alijua maana yake. Kokugonza alimwosha kichwa kwa maji ya vuguvugu, akamkausha, akampaka mafuta.

"Sasa nipake na uso," alisema Ma Benigna. "Edvina atapiga simu ya video. Ana mimba changa. Nimemwambia naendelea vizuri, nasubiri nguvu zirudi. Akiniona hivi atapata mshtuko."

Kokugonza akaweka chini kopo la mafuta.

"Hapana, mawe."

"Umesemaje?"

"Sitakupaka. Nitakuosha kila siku ukitaka, nitakulisha, nitakubadilishia shuka. Uso sipaki."

"Unanikatalia mgonjwa?"

"Nakukatalia. Ile mara ya kwanza nilikukubalia nikamwibia Buberwa siku zake na wewe. Sijui kama dawa ingesaidia. Daktari mwenyewe hakusema. Ila zile siku zilikuwa zake, na mimi nilizichukua. Za Edvina sizichukui."

Ma Benigna akageukia ukutani. Hakulia. Alipumua tu, na mabega yake membamba yakapanda na kushuka.

Buberwa alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyejua alifika saa ngapi. Simu ilipoanza kuita kwenye kimeza, aliichukua, akakaa kitandani kando ya mama yake, akamtazama.

"Mama, ni Edvina. Nipokee?"

Iliita muda mrefu. Hatimaye Ma Benigna akajigeuza kutoka ukutani.

"Mwambie kwanza akae kitako," alisema.

Edvina alipouona uso ule akaweka mkono mdomoni. Buberwa alimweleza kwa maneno machache, na alipokwama Kokugonza akaendelea. Hawakupamba. Edvina alilia, akakasirika, akauliza kwa nini alidanganywa, na mama yake akajibu mwenyewe, "Kwa sababu niliogopa, mwanangu." Kesho yake Edvina alikuwa ndani ya basi kutoka Geita.

Baada ya ile simu Kokugonza alitoka nje akakaa kwenye benchi la mkabala na mibuni. Buberwa akaja akakaa upande wa pili wa benchi, akaacha nafasi katikati.

"Siku ya sendofu," alianza, "nilicheza na mama. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nilimshika mkono. Ulimpaka uso, mikono hukuipaka. Nilihisi mifupa. Alikuwa ameanza kukonda tena, na wiki ile alikuwa hamalizi chakula. Niliona, Koku. Nikajiambia ni uchovu wa maandalizi, kwa sababu nami nilitaka harusi ya Edvina ipite." Alikuwa anaongea na mibuni. "Nilipojua daktari amesema nini nilihitaji mtu wa kumkasirikia, na mimi mwenyewe sikujitosha."

"Ungeweza kuniambia."

"Wewe ungeweza kuniambia."

"Ndiyo."

Kuku alipita mbele yao na vifaranga, akachakura chini ya mbuni, akaondoka.

"Bado nimekukasirikia kidogo," alisema Buberwa.

"Najua. Mimi pia, wewe hukujibu ujumbe wangu."

"Niliusoma kila siku."

"Kusoma si kujibu, fundi."

Kwa mara ya kwanza tangu wakae Buberwa alitazama upande wake, na kona ya mdomo wake ikalegea.

Ma Benigna aliwanunia wote siku nzima. Kisha Edvina akafika, akapanda kitandani na viatu vyake kama alivyofanya alipokuwa mtoto, na kununa kukaisha. Wiki zilizofuata nyumba ile haikukosa sauti. Mama na binti walizungumza mambo ambayo hawakuwahi kuyazungumza: namna ya kujifungua, namna ya kuishi na mume asiyependa kuulizwa, mahali alipozikwa mtoto wa kwanza wa Ma Benigna ambaye Edvina hakujua kama aliwahi kuwepo. Kokugonza alikuja kila alipomaliza kazi Muleba. Alimkanda miguu, akamsimulia vituko vya maharusi, na Buberwa alimsindikiza hadi barabarani. Siku nyingine walishikana mikono, siku nyingine walitembea tu.

Ma Benigna alifariki mwezi wa pili, asubuhi, watoto wake wote wawili wakiwa wamemshika. Alizikwa kibanjani, kando ya mumewe. Matangani, mbele ya jamaa, mwanamke mmoja alimwuliza Kokugonza yeye ni nani katika familia ile, na kabla hajapata jibu Edvina akasema, "Ni wa kwetu."

Mvua za masika zilipoanza, Buberwa alirudi kazini Kemondo. Kokugonza alimkuta mchana mmoja kazini, mikono imezama ndani ya injini, akakaa juu ya kreti. Alikuwa ametoka kumpamba msichana wa kipaimara, na viatu vyake vilikuwa vimejaa tope jekundu.

"Umekonda," alisema.

"Nimerudi kula. Edvina ananipigia simu kuniuliza kila mlo. Tumbo lake limekuwa kubwa, anasema ana muda wa kunisumbua."

"Nisalimie."

"Nitamsalimia." Akafuta mikono kwa kitambaa, akavifuta tena vidole kimoja kimoja, ingawa vilikuwa vimekwisha takata. "Koku, nimeongea na baba mdogo Rugemalira."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu kwenda Kitendaguro kumwona mzee wako."

Kokugonza alitazama ziwa. Mtumbwi ulikuwa unaingia, watu watatu wanapiga makasia kwa uvivu.

"Unajua kazi yangu itabaki ile ile," alisema. "Nitaondoka alfajiri, nitarudi nimechoka, wikiendi hutaniona. Na siku nyingine nitakosea."

"Na mimi nitakosea. Nitanyamaza pale ninapotakiwa kusema. Ukiniona nimenyamaza, niulize. Usiniache."

"Nawe ukiniuliza, nitakujibu hata kama jibu ni baya."

"Hilo ndilo ninalotaka."

Alisogea kwenye kreti, akampa nafasi. Buberwa akakaa, na kreti likalalamika chini yao. Alinuka dizeli, naye Kokugonza alinuka mafuta ya nywele.

"Kwa hiyo baba mdogo aje lini?" aliuliza Buberwa. "Yeye anapendekeza Jumamosi."

"Jumamosi asije. Jumamosi nina bibi harusi Muleba, na wapambe sita."

"Basi?"

"Aje Jumapili," alisema Kokugonza, akaegemeza kichwa kwenye lile bega lenye grisi. "Baada ya misa. Nitamwambia tata asiende popote."